Flipa, babifuti, PlayStation au biliadi: ipi inalipa Lushebere?

Mwenye ligablo, yaani duka dogo, hapa Lushebere katika Masisi anayetaka kuweka mchezo mbele ya mlango wake ana njia tatu ambazo kila mtu anazijua: babifuti (mpira wa mezani), PlayStation na biliadi. Ya nne huja kwa simu kutoka Ulaya. Ndugu aliyeko Liège au Brussels ameona mashine ya zamani ya flipa inauzwa kwa bei ya kutupa, mmiliki anataka tu nafasi kwenye gereji yake, na kontena la jamaa linaondoka mwezi ujao. Je, aitume?

Swali hilo linastahili jibu la hesabu, kwa sababu bei ya kununulia ndiyo sehemu ndogo kabisa ya gharama za mchezo unaotoka mbali. Gharama kubwa ni barabara, umeme na fundi.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, flipa ni sanduku la mbao lenye miguu minne, ambalo uso wake umeinama kidogo kuelekea kwa mchezaji na kufunikwa kwa kioo. Mpira wa chuma wenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi hufyatuliwa kwa springi upande wa kulia. Hupanda mpaka juu, kisha huteremka ukigonga vizuizi vya raba, na kila kizuizi kina pointi zake. Mchezaji ana vibonyezo viwili pembeni mwa sanduku. Akibonyeza, vijikono viwili vilivyo chini hurusha mpira juu tena. Ukipita katikati ya vijikono, umepotea. Nyuma kuna kibao cha kioo kilichochorwa na kuwashwa taa, chenye namba za pointi.

Mashine hizi ni za Chicago. David Gottlieb aliuza Baffle Ball mwaka 1931 kwa dola 17.50. Ilikuwa kisanduku cha kuweka juu ya kaunta, hakina umeme wala vijikono, na watu walikinunua kwa maelfu katika miaka ya dhiki kubwa ya uchumi. Vijikono vilikuja mwaka 1947 katika mashine ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa miaka ya 1970 kampuni za Gottlieb, Bally na Williams zilijaza dunia mashine za umeme na mitambo, zisizo na kompyuta hata chembe. Mwaka 1977 Bally ilitoa Eight Ball yenye bodi za elektroniki, ikauza zaidi ya 20,000, na zile za zamani zikaanza kuondoka kwenye baa. Kwa hiyo mashine ambayo ndugu yako ameipata, kama ni ya aina hiyo ya zamani, haipungui sana miaka 50.

Umri huo usikutishe haraka. Fungua mlango wa mbele, inua uso wa kuchezea, utazame ndani. Utaona mafungu ya nyaya zilizovishwa uzi wa rangi, koili za shaba, na safu za vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa viwili viwili, kila kimoja kikiwa na nukta ndogo kwenye ncha. Nukta mbili zikigusana, umeme unapita, zikiachana, umekatika. Mpira unapogonga kizuizi, nukta zinagusana, koili inavuta fimbo ya chuma, gurudumu la namba linasogea hatua moja, kengele inalia. Mota ndogo inayozunguka ndiyo inayohesabu: ukipata pointi 50 inagonga mara 5. Hata adhabu ya mchezaji anayetikisa sanduku ni ya kimitambo tupu: uzito unaning'inia katikati ya pete ya chuma, ukigusa pete, mchezo unakatika.

Mimi naipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Ni mashine ambayo mtu anaweza kuielewa kwa macho yake. Nukta zikiingia kutu, unazisugua kwa tupa nyembamba. Koili ikiungua, fundi wa kusuka mota wa Goma anaweza kuisuka upya kwa waya wa shaba. Balbu zake ni za volti 6, zenye kitako cha aina ile ile ya balbu ndogo za gari na pikipiki. Linganisha na flipa mpya inayotoka kiwandani karibu na Chicago leo, ambayo hata toleo lake la bei ya chini ni karibu dola 7,000, na ndani yake kuna kompyuta na skrini. Bodi yake ikifa, Goma nzima haina cha kufanya. Ya zamani hupatikana Ulaya na Marekani kwa dola mia kadhaa ikiwa haijafanyiwa kazi, na inaweza kufika dola 2,000 au zaidi ikiwa imetengenezwa vizuri.

Lakini tuihesabu mpaka Lushebere. Sanduku lina uzito wa kilo 100 hivi. Miguu inafunguliwa na kibao cha nyuma kinateremshwa, na watu wanne wanaweza kulibeba. Litatoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kwa lori, litapita forodha zaidi ya moja, na Goma litakutana na DGDA kwa ushuru na OCC kwa ukaguzi, au na yeyote anayekaa kwenye meza hizo siku hiyo. Kisha linabaki kipande ambacho sisi tunakijua: kutoka Goma mpaka Sake, halafu milima ya Masisi, njia ya kilomita kama 80 kwa jumla ukihesabu mpaka Masisi-centre. Wakati wa mvua Fuso hukwama kwenye tope kwa siku nzima, mizigo inashushwa, inapakiwa tena. Mle ndani ya sanduku kuna vipande vya chuma mamia vilivyorekebishwa kwa unene wa karatasi, na juu yake kioo kirefu. Ikifika salama, bado itahitaji fundi wa kurekebisha nukta moja baada ya nyingine kabla haijacheza mpira wa kwanza. Ukikosa fundi huyo, umenunua kabati.

Umeme nao una hesabu yake. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inataka volti 115, kwa hiyo itahitaji transfoma ya kushusha 220. Zilizouzwa Ulaya mara nyingi tayari zina sehemu ya 220, na hilo ni jambo la kwanza la kumuuliza ndugu. Ndani, umeme hushushwa tena mpaka volti 24 au 30 hivi kwa koili na volti 6 kwa balbu. Balbu 50 za kawaida peke yake zinakula wati 50 au zaidi. Ongeza mota, relei na koili, utafika wastani wa wati 100 hivi, na kila kijikono kinaporuka kuna mvuto wa ghafla unaozidi hapo mara mbili au zaidi. Kwa saa 8 kwa siku, hiyo ni wati-saa 800. Betri moja ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Kwa hiyo unahitaji betri mbili, pano ya wati 250 au zaidi kwa siku za mawingu ya Masisi, na inveta nzuri. Inveta ya bei rahisi, ile inayotoa umeme wa ngazi ngazi, huifanya transfoma ingurume na kupata joto.

Sasa weka swali ambalo kila mwenye ligablo analielewa: umeme huo huo ungechaji simu ngapi? Simu janja yenye betri kubwa inachukua kama wati-saa 25 ukihesabu na kinachopotea njiani. Wati-saa 800 ni simu janja 30 hivi, au simu ndogo za vibonyezo zaidi ya 100. Kila siku flipa inapowaka, inabidi ilete faida kupita simu hizo. Kubadilisha balbu zote kuwa za LED kunapunguza mzigo wa taa mpaka wati 10 hivi, na huo ni ushauri wa kweli kwa yeyote atakayeipokea, ingawa balbu hizo nazo zinaagizwa mbali.

Kuna tatizo jingine ambalo watu wa Ulaya hawalifikirii kabisa: mashine inakula sarafu, na sisi hatuna sarafu. Tangu franka ya Kongo ilipoingia mwaka 1998, mikononi mwetu kuna noti tu. Haikuwa hivyo enzi za mashine hizi. Mwaka 1967 zaire ilipoanza, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani, na kulikuwa na sarafu ya makuta 5. Yaani sarafu hiyo moja ilikuwa senti 10 za Marekani, bei ile ile ambayo kijana wa Marekani alilipa kwa mchezo mmoja wa flipa miaka hiyo. Mfumuko wa bei uliziua sarafu zetu. Leo mwenye flipa Kivu atalazimika kutengeneza jetoni za chuma za kuuza kwenye ligablo, au kufunga swichi ya kuanzisha mchezo kwa mkono na kumweka mtu wa kukusanya noti za franka mia. Mashine iliyobuniwa ijisimamie yenyewe inageuka kuwa na mshahara wa mtu.

Babifuti haina hata moja ya shida hizi. Haina waya, haina kioo, na mtu wa kukusanya pesa ni yule yule anayeshika mipira. Kwangu hapa ndipo hesabu inapoanza kuelemea upande mmoja.

Hata asili yake inatuhusu. Hataza ya mchezo huu ilitolewa kwa Mwingereza Harold Searles Thornton mwaka 1923, lakini Mhispania Alejandro Finisterre, aliyejeruhiwa katika mabomu ya Madrid wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alieleza kwamba aliufikiria hospitalini alipowaona watoto waliojeruhiwa wasioweza tena kukimbiza mpira. Aliusajili Barcelona mwaka 1937. Katika Masisi, ambako kambi za waliohama vita zimekuwa sehemu ya maisha ya watu wa Lushebere kwa miaka mingi, sihitaji kueleza zaidi kwa nini mchezo huo ulipata nyumba kwetu.

Babifuti nzuri ni mbao, fito 8 za chuma, wanaume 22 wa kuchonga, na mpira. Kipa 1, mabeki 2, viungo 5, washambuliaji 3 kila upande. Kinachotofautisha ya kudumu na ya kufa mapema ni vitu viwili, na ukimpa fundi kazi, simama naye hapo hapo. Cha kwanza ni ukavu wa mbao. Mikaratusi ipo tele kwenye vilima vyetu na ni ya bei nafuu, lakini ikipasuliwa mbichi inajipinda na kupasuka. Grevilea iliyokaushwa ni bora kwa kuta. Ukipata mbao ngumu ya msituni kutoka upande wa Walikale, itumie kwa miguu na fremu. Uwanja wenyewe uwe wa tripleksi nene iliyoshikiliwa kwa chini, kwa sababu ukibonyea hata kidogo mpira utasimama katikati na wachezaji watagombana. Cha pili ni matundu ya fito. Fito inaposugua mbao tupu, tundu hupanuka na kuwa refu kama yai, fito inaanza kuyumba, na mwanaume wa mbao anagonga sakafu. Mwambie fundi aweke bomba fupi la chuma ndani ya kila tundu, au pete ya raba ya tairi. Ni kazi ya siku moja tu, nayo inaongeza maisha ya meza kwa miaka. Kisha mafuta kidogo kila asubuhi.

Fundi mmoja niliyemwuliza kuhusu matundu hayo alinijibu bila kuinua macho kwenye randa: «Papa, meza haifi kwa mchezo, inakufa kwa mvua.» Alisema kweli. Meza ikilala nje usiku mmoja wa mvua ya Masisi, tripleksi inavimba. Bati mbili juu ya nguzo nne ziingie kwenye bei tangu mwanzo. Usiseme utaziweka baadaye.

Mapato je? Tuseme mchezo ni franka 200. Weka bei ya mtaa wako. Flipa inachezwa na mtu mmoja kwa wakati, hata kama wanne wanapokezana, na mgeni hupoteza mipira yake yote kwa dakika chache. Babifuti inachukua watu wanne pamoja kwa dakika kama tano au zaidi, na mahali pengi anayeshindwa ndiye anayelipa, kwa hiyo anarudi kulipiza. Ukipiga hesabu ya saa moja, pesa zinazoingia hazipishani sana. Flipa inaweza hata kutangulia miezi ya mwanzo kwa sababu ni kitu kipya. Tofauti iko kwenye kinachotoka: upande mmoja betri mbili za kubadilishwa baada ya miaka michache, upande wa pili chupa ya mafuta. Na kundi linalozunguka babifuti linanunua biskuti, maji na kadi za simu kwenye ligablo lako.

PlayStation sitaikalia sana. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, bado ndiyo inayofaa vijijini kwa kuwa ni ya bei ndogo na vipuri vyake vipo Goma. Ikiwa na televisheni ya LED ya inchi 32 inakula wati 80 au 90, karibu sawa na flipa. Inafika kwa pikipiki, vijana wanaipenda kwa ajili ya mechi za mpira, lakini maneti zinakufa haraka sana na diski zinachubuka. Nani atasimamia muda wa mchezo? Ni wewe. Kama tayari una sola kubwa na chumba chenye kufuli, ni chaguo la pili zuri.

Biliadi ni ya mwenye nganda, yaani baa. Meza ya kweli ina bamba la jiwe na uzito unaoweza kuzidi kilo 300, inataka sakafu ya saruji iliyo sawa na chumba ambacho fimbo haitagonga ukuta. Kitambaa kikimwagiwa kasiksi kimekwisha. Kwa ligablo la kando ya barabara, iache.

Liko jambo ambalo bei haionyeshi, nalo ni vita. Januari 2025 mapigano yalipita Masisi-centre kabla ya Goma yenyewe kuanguka, na wengi wa mkoa huu wameshahama zaidi ya mara moja. Mali nyepesi yenye bei ndiyo inayotoweka kwanza: pano, betri, televisheni, PlayStation. Babifuti hakuna anayehangaika kuibeba, na hata ikichomwa kuni, mafundi na mbao za kutengeneza nyingine wako hapa hapa. Flipa ikipotea, kila kitu kimepotea, kwa sababu nyingine haipatikani. Sizungumzi ili kutisha mtu. Mwekezaji mdogo wa Masisi ana haki ya kuweka hatari hiyo kwenye hesabu yake, kama mwenye duka wa Mombasa anavyoweka ada za kaunti.

Pia linda mchezo wako usigeuke kamari. New York ilipiga marufuku flipa mwaka 1942, meya Fiorello La Guardia akazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha, na marufuku ikadumu mpaka 1976, kwa sababu watu walikuwa wakilipana pesa juu ya mpira. Kenya nayo, miaka ya 2010, ilikamata na kuteketeza mashine za kamari zilizokuwa zimefika mpaka kwenye maduka ya vijijini na kuwamaliza watoto wa shule. Hizo zilikuwa mashine nyingine kabisa, za bahati tupu, lakini mzazi anayeona mwanawe amesimama mezani na noti mkononi saa nne asubuhi hatatofautisha. Funga meza saa za masomo. Mtoto mwenye sare asicheze. Ukifanya hivyo, wazazi watakuwa upande wako.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa Lushebere, nunua babifuti ya kutengenezwa hapa hapa au Masisi-centre, mbao kavu, mabomba kwenye matundu, bati juu. Anza na moja, na faida ya mwaka wa kwanza ikitosha, ongeza ya pili badala ya kukimbilia umeme. Mwenye sola kubwa tayari aongeze PlayStation. Anayetaka biliadi asubiri awe na nyumba ya kuiweka.

Na ndugu wa Liège? Mwambie asante, na mwambie flipa ikija ibaki Goma, karibu na mafundi wa kusuka mota na karibu na umeme wa Virunga unaotoka kituo cha Matebe kule Rutshuru. Huko ina maisha, na ningefurahi kuiona ikiwaka. Lakini kabla hajalipa hata senti, afungue mlango wa mbele na kutafuta karatasi kubwa ya mchoro wa nyaya iliyokunjwa ndani ya sanduku, apige picha yake yote na picha ya kibandiko cha volti kwenye transfoma, akutumie. Karatasi hiyo ikikosekana na asipopata nakala yake, asinunue.